Shaba ya Kilembe na Kazi ya Mimea

Wewe msomaji ukaaye Gataka au Kajiado, wajua kwamba reli itokayo Mombasa hupita Mto Athi, jirani na Kitengela. Zamani mabehewa ya reli hiyo yalichukua shaba iliyotoka Kilembe, chini ya Milima ya Ruwenzori nchini Uganda. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na machimbo yakaanza kutoa shaba. Madini yaliyosagwa yaliyeyushwa Jinja, kisha shaba ikapelekwa pwani. Mwaka 1982 uchimbaji ulikoma. Shaba ilikuwa imekwenda ng'ambo, lakini makapi yalibaki.

Makapi hayo yalikuwa lundo la zaidi ya tani milioni moja pale Kasese, lenye chuma, salfa na kobalti. Kila mvua iliponyesha, bakteria wasioonekana kwa macho, wakisaidiwa na hewa na maji, waliigeuza salfa kuwa tindikali, nayo tindikali ikayayeyusha madini. Maji yale yaliteremka katika Hifadhi ya Queen Elizabeth kuelekea Ziwa George, na kila yalipopita majani yalikufa.

Je, ardhi yaweza kujitakasa? Hapana budi tufahamu kwanza kwamba shaba haiozi kama jani au mzoga. Maumbile hayawezi kuiangamiza. Huweza kuifunga tu, au kuihamisha. Huko Katanga, kusini mwa Kongo, iko mimea imeayo penye shaba nyingi, hata watafutaji wa madini waliyafuata maua yake kama alama. Mizizi ya mimea yenye kustahimili hivyo huushika udongo usichukuliwe na upepo wala mvua. Kadhalika, kandokando ya Ziwa George, mafunjo hunasa sehemu ya madini katika mizizi na matope yake.

Binadamu naye aliwatumia bakteria wale wale. Tangu mwaka 1999 kiwanda cha Kasese kiliwatia makapi yale ndani ya matangi, kikapata kobalti, hata lundo likaisha mwaka 2013. Walakini sumu iliyokwisha kuingia ardhini haikurudi.

Basi mafunjo yale ni mlinzi wa wavuvi wa ziwa. Mtu akiyafyeka na kukausha kinamasi, hewa huingia katika matope, na madini yaliyofungwa hufunguka tena. Nawe uonapo shimo lililoachwa na wachimbaji, usiulize tu kilichotolewa humo. Uliza pia kilichoachwa, na ni nani atakayekilinda.