Daftari la Matabibu wa Afrika ya Mashariki

Skuli ya utabibu iliyofunguliwa Mulago, Kampala, mwaka 1924, chini ya Chuo cha Makerere ambacho wakati huo kilikuwa na umri wa miaka miwili tu, ilikuwa kwa muda wa karibu miaka arubaini mahali pekee katika Afrika yetu ya Mashariki palipofundishwa utabibu kamili. Mwanafunzi wa Bukoba alikaa darasa moja na wa Kisumu na wa Masaka, akatahiniwa kwa mtihani ule ule, na aliporejea kwao hapakuwa na haja ya nchi moja kuiuliza nyingine mintarafu ya elimu yake, kwani chimbuko lake lilijulikana na wote.

Lakini kujulikana huko hakukumletea hadhi. Tabibu aliyetoka Uingereza aliandikwa katika daftari kamili, ilhali mhitimu wa Makerere, kwa miaka mingi, alihesabiwa kuwa msaidizi tu, mshahara wake haba, na aghalabu hakuruhusiwa kutibu nje ya utumishi wa serikali au wa misheni. Miongoni mwa waliotoka katika skuli ile ni Dk. Vedasto Kyaruzi, aliyeiongoza Tanganyika African Association kabla ya Julius Nyerere, na si ajabu kwamba watu waliopimwa kwa mizani mbili walikuwa wepesi kudai haki. Hata mwishoni mwa miaka ya 1950 ndipo Baraza Kuu la Utabibu la Uingereza lilipoikubali ijaza ya Makerere, yaani itibari ya Kampala ilibidi ikatafutwe London.

Na baraza hilo la London lenyewe lilizaliwa kwa haja ya itibari moja. Kabla ya sheria ya mwaka 1858, visiwa vya Uingereza vilikuwa na vyama na vyuo 19 vyenye mamlaka ya kutoa leseni, kila kimoja kwa kanuni zake, hata mwenye leseni ya Edinburgh aliweza kukataliwa London. Sheria ikaleta daftari moja, na ukaguzi wa mitihani ya wote.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume: tulianza na umoja, kisha tukagawanyika. Skuli ya utabibu ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963 na nyingine Nairobi mwaka 1967. Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kikavunjwa mwaka 1970, na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikafuata mwaka 1977. Kila nchi ikawa na sheria yake na daftari lake. Kupata skuli zetu ilikuwa ni kheri kubwa, wala simwonei huruma yeyote anayetamani kurudi katika siku za chuo kimoja. Hasara ilikuwa kwamba itibari iliyokuwa ikija yenyewe haikuwekewa mkataba wa kuirithi.

Mkataba ulikuja baadaye. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliwajibisha nchi za Jumuiya mpya kutambuliana vyeti vya kitaaluma, nayo mabaraza ya madaktari yakajenga desturi ya kukagua vyuo kwa pamoja: wajumbe wa nchi mbalimbali huingia katika chuo wakatazama uwiano wa walimu na wanafunzi, maabara, na vitanda vya hospitali ya kufundishia, ndipo wakashauriana kama kinastahili ithibati. Naiona kazi hiyo kuwa bora kuliko umoja wa Mulago, maana ule ulitokana na uchache wa vyuo, na huu watokana na ridhaa ya mabaraza yaliyo sawa.

Lakini chuo kikikaguliwa, mgonjwa bado hajakingwa. Tabibu aliyefutwa katika daftari la Nairobi kwa kosa zito asipate kujiandikisha Kigali au Arusha kwa kuwa habari zake hazikuvuka mpaka, na vivyo hivyo muuguzi na mfamasia, ambao wana mabaraza yao. Basi mabaraza na yafunguliane madaftari, na matokeo ya ukaguzi wa vyuo yatangazwe hadharani, ili mzazi ajue kabla hajalipa ada.