Cullen Jones: alinusurika kuzama, akatwaa dhahabu ya kupokezana

Akiwa na miaka 5, Cullen Jones alitolewa majini hajitambui. Boya alilokalia kwenye bustani ya michezo ya maji huko Pennsylvania, Marekani, lilipinduka naye. Mama yake hakumkataza maji tena. Alimpeleka kujifunza kuogelea.

Uamuzi huo ndio ulioanzisha safari yake.

Jones alizaliwa New York mwaka 1984. Akabobea kwenye mbio fupi za mtindo huru, mita 50 na 100. Mwaka 2006 alikuwa kwenye kikosi cha Marekani kilichovunja rekodi ya dunia ya kupokezana 4x100.

Mbio hizi zikoje? Waogeleaji wanne, kila mmoja mita 100. Hakuna kijiti: mwenzako akigusa ukuta ndipo unaruka. Miguu yako ikiwahi kutoka, timu nzima inaondolewa.

Beijing 2008, Jones aliogelea hatua ya mchujo na fainali. Fainali walipangwa Michael Phelps, Garrett Weber-Gale, Jones, kisha Jason Lezak. Jones alipogusa ukuta Ufaransa ilikuwa mbele, lakini Lezak akamkimbiza Alain Bernard hadi akampita mwishoni kabisa. Marekani dakika 3 sekunde 8.24, Ufaransa 3:08.32. Tofauti ni sekunde 0.08 tu! Phelps aliondoka Beijing na dhahabu 8. Hii bila wenzake watatu asingeipata.

London 2012 Jones akaongeza fedha mbili, mita 50 na 4x100 mtindo huru, pamoja na dhahabu ya kupokezana mitindo mchanganyiko, ambayo aliogelea mchujo.

Umaarufu wake aliutumia kuhimiza watoto, hasa Wamarekani weusi, wajifunze kuogelea.

Na sisi je? Paris 2024 Tanzania iliwakilishwa na Collins Saliboko, mita 100, na Sophia Latiff, mita 50, wote mtindo huru. Kila mmoja aliogelea peke yake. Kikosi cha kupokezana hatukuwa nacho.

Kikosi huanza na watoto wengi wanaojua kuogelea. Kibaha ina Mto Ruvu, na Kisarawe masika yakikolea madimbwi hujaa. Maji hayo watoto watayafuata tu, hata ukiwakataza. Mtoto aliyefundishwa na mtu mzima, sehemu salama, huenda asilete medali, ila jioni atarudi nyumbani.