Kosa si la mdomo wa samaki

Mtu akiamini uongo wote asibakize hata chembe, Waingereza na Wamarekani husema amemeza ndoana, mshipi na chubwi. Msemo huo ulienea kutoka Marekani katika karne ya 19, ila fikra iliyomo ni ya kale zaidi. Tangu karne ya 16 Waingereza walimwita mwepesi wa kudanganywa kwa jina la samaki mdogo wa mtoni anayedakia chambo chochote, na Shakespeare anamtaja samaki huyo katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi. Sisi nasi twasema fulani kameza chambo. Misemo yote hii inamtwika mzigo aliyedanganywa: mdomo wake ulikuwa wazi, tamaa yake ikamponza. Naamini hukumu hiyo si ya haki, na ushahidi upo Magara, huko Burundi kwenye Ziwa Tanganyika, kando ya barabara inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge, ambako uvuvi mkubwa hauhitaji samaki afungue mdomo.

Ndagala, ambao Kigoma huitwa dagaa, hawavuliwi kwa chambo. Mchana hukaa chini kwenye maji ya kina, usiku hupanda kufuata wadudu wadogo wa majini wanaowala. Wakiona mwanga juu ya maji huusogelea na kujikusanya. Wazee wa ziwa waliijua tabia hiyo zamani: waliwasha moto wa kuni au matete kwenye omo ya mtumbwi, wakawachota kwa lusenga, wavu wenye mpini mrefu. Miaka ya 1950 karabai zikachukua nafasi ya moto. Katika miaka hiyohiyo wavuvi wa Kigiriki walileta Burundi meli zenye nyavu za kuzungushia, na mitumbwi iliyounganishwa miwilimiwili ikaanza kuinua wavu mpana kutoka chini ya taa. Baadaye zikaja Apollo, zenye mitumbwi mikubwa zaidi na taa nyingi zaidi, na siku hizi taa za betri zinaisukuma karabai kando. Tazama werevu ulikoelekezwa miaka yote hiyo: samaki ni yuleyule, hajazidi ujinga wala ulafi. Kilichokua ni taa na wavu.

Mvuvi wa mukeke atanipinga kwamba samaki wake hunaswa kwa ndoana, tena humeza kwelikweli. Ni kweli, lakini mukeke naye mara nyingi huvuliwa usiku penye taa, kwa kuwa ndagala ndio chakula chake na ndagala wameitwa na mwanga. Ndoana inamkuta akiwa tayari amefikishwa mahali ambapo kila dalili inamwambia kuna chakula, na chakula kweli kipo. Anayetazama ndoana peke yake anaona hatua ya mwisho tu ya kazi iliyoanza taa ilipowashwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba samaki hana akili na binadamu anayo. Tuchukue basi DECI, mchezo wa fedha ulioenea Tanzania hadi serikali ilipousimamisha mwaka 2009. Watu walipanda fedha walizoziita mbegu, wakiahidiwa kuvuna nyingi zaidi, na waliouongoza walikuwa wachungaji wa makanisa. Lugha ya kupanda na kuvuna ni ya ibada, na waliotangulia kulipwa walikuwa jirani na ndugu, watu wa kuaminika siku zote. Sikatai kwamba wapo waliosukumwa na tamaa. Lakini tamaa haielezi kwa nini watu waangalifu, wasiocheza hata bahati nasibu, walitoa akiba zao. Walifuata dalili zilezile zinazowaongoza vyema katika kukopeshana na kuchangiana arusi na misiba, na mtu asiyezifuata kabisa hawezi kuishi na wenzake. Wavuvi wa ziwa hili hupumzika mbalamwezi inapokuwa kamili, kwa sababu mwanga ukiwa kila mahali taa yao haiwavuti ndagala. Wanachama wa DECI hawakuwa na mwanga wa namna hiyo: hesabu za mchezo zilibaki mikononi mwa wenye mchezo, na mwanachama aliona tu malipo ya aliyemtangulia, yaliyotoka katika mbegu za waliokuja nyuma yake.