Matope, Gurudumu na Jina la Kariakoo

Leo tutazungumza juu ya nguvu ya kuvuta. Bila shaka mmewahi kumwona mvuta mkokoteni wa Kariakoo siku ya mvua. Mikono yake ina nguvu ile ile ya jana, wala mzigo haukuongezeka, lakini miguu inateleza na mkokoteni hauendi. Basi shikeni jambo hili: mwenye kuvuta huvuta kwa kadiri ardhi inavyomshika. Mshiko huo hutokana na msuguano.

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka hapa Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Gurudumu la chuma hubingirika relini kwa wepesi mno, hata behewa la tani moja mahali tambarare huvutwa kwa nguvu ya kilo chache tu. Lakini chuma juu ya chuma huteleza. Ndiyo maana injini hufanywa nzito, tena huchukua sanduku la mchanga. Magurudumu yakizunguka bure mlimani, dereva humwaga mchanga relini. Ajabu, mtambo mkubwa namna ile kuokolewa na mchanga! Hata treni za umeme zilizoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 hutegemea mshiko huo huo.

Kisha vita vikaja. Waingereza waliuteka mji huu mwaka 1916, na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya reli. Vita vikahamia kusini, bonde la Rufiji, kusikokuwa na reli. Masika ya 1917 motokaa zilikwama matopeni. Injini zilinguruma, magurudumu yakazunguka, ardhi isiyashike. Wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Ukabaki unyayo wa mwanadamu, wenye vidole vya kushika matope.

Mpagazi mmoja alichukua kama kilo 25, kwa hiyo tani moja ilitaka watu 40, nao walitaka chakula, nacho kilitaka wapagazi wengine. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps; kambi yao hapa mjini ndiyo iliyouachia mtaa jina la Kariakoo.

Mkipita kwenye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, tazameni vizuri. Aliye juu ni askari na bunduki yake. Wapagazi wametajwa chini, katika maandishi.