Kutoka Mawe ya Redio hadi Lithiamu: Historia ya Kupima Betri Tanzania

Historia ya redio ndogo nchini Tanzania haitenganiki na historia ya betri, kwa kuwa wasikilizaji wengi wa vijijini waliishi mbali na nyaya za umeme. Redio za valvu zilizokuwapo Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kusikika mwaka 1951 zilikula umeme mwingi, lakini transista, kifaa kidogo cha kukuza mawimbi kilichobuniwa Marekani mwaka 1947, ilipunguza mahitaji hayo kiasi kwamba mawe machache, yaani betri kavu za redio, yalitosha kuendesha redio ya mkononi. Katika miaka ya 1960 kiwanda cha Matsushita jijini Dar es Salaam kilianza kutengeneza betri na redio zenye chapa ya National, na kampeni ya elimu ya afya kwa redio, Mtu ni Afya, ya mwaka 1973 ilipokusanya wanavikundi kuzunguka redio, somo la afya lilitegemea uzima wa mawe hayo.

Jiwe la kawaida, yaani kopo la zinki lenye ufito wa kaboni katikati, hutoa volti 1.5 likiwa jipya, kisha nguvu yake hushuka polepole. Kwa hiyo sikio ndilo lililokuwa kipimo: sauti ilipofifia, msikilizaji alijua mawe yanakwisha, akayaanika juani, kwa kuwa joto huchangamsha kemikali zilizobaki na kuyapa uhai wa muda mfupi.

Betri ya lithiamu-ioni inayochajiwa, iliyoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, ilibadili desturi hiyo. Simu za Nokia zilieneza betri bapa ya BL-5C, ambayo baadaye ilipachikwa katika redio ndogo nyingi zinazochajiwa. Betri ya aina hiyo hufikia volti 4.2 ikijaa, hukaa karibu na 3.7 kwa muda mrefu wa matumizi, kisha huanguka ghafla, hivyo sikio halipati onyo. Na kuianika juani ni hatari, kwa sababu joto huiharibu na linaweza kuifanya ivimbe au kuwaka.

Kipimo cha kuaminika sasa ni kuijaza betri, kuitumia kwa mkondo unaojulikana, na kuhesabu saa hadi ifikie volti 3: ikitoa miliampea 200 kwa saa 4, ujazo wake ni miliampea-saa 800, hata kama lebo inadai 3,000. Iliyovimba haifai kuchajiwa tena, na voltimita peke yake haitoshi, kwani betri chakavu nayo huweza kuonyesha volti 4.2 mara tu inapotoka kwenye chaja.

Kwa karibu nusu karne mnunuzi aliweza kupima betri mwenyewe bila kifaa chochote. Leo uwezo huo umo mikononi mwa fundi na muuza vifaa, na ni wajibu wao kupima kabla ya kuuza, kama ilivyo haki ya mnunuzi kudai aonyeshwe kipimo.