Ukizaliwa Nje Unaweza Kuwa Rais wa Marekani? Cheki Vile Sheria Inasema

Ile story ya Obama na cheti cha kuzaliwa unaikumbuka, sivyo? Kuna wasee Marekani waliapa miaka na mikaka kwamba jamaa alizaliwa huku kwetu, na sisi tukabaki kucheka. Kwake haikuwa kicheko. Kiti chenyewe kilikuwa kinategemea maneno machache ya katiba iliyoandikwa 1787.

Ibara ya 2 ya katiba hiyo inataka rais awe raia wa kuzaliwa, awe amefikisha miaka 35 na awe ameishi Marekani miaka 14. Makamu naye ni hivyo hivyo. Noma ni kwamba haisemi popote raia wa kuzaliwa ni nani. Tunachojua ni kwamba Julai 1787, John Jay alimwandikia George Washington barua akitaka uamirijeshi mkuu usipewe mtu ambaye si raia wa kuzaliwa. Wageni wa Ulaya kupenya mpaka juu ndiyo ilikuwa hofu.

Ukizaliwa kwenye ardhi ya Marekani, mambo ni rahisi. Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, yaliyokuja baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuwalinda watumwa walioachiliwa, yanasema aliyezaliwa hapo na yuko chini ya mamlaka ya nchi hiyo ni raia. Wong Kim Ark ndiye aliyeyapima. Alizaliwa San Francisco, wazazi Wachina ambao sheria za wakati huo hazingewakubali kuwa raia. Mwaka 1895 alirudi kutoka safari ya China akazuiwa bandarini, ati yeye si Mmarekani. Akaenda kortini, na 1898 Mahakama ya Juu ikampa ushindi, majaji 6 kwa 2. Watoto wa mabalozi ndio hawahesabiki. Januari 2025 Trump alitia sahihi amri ya kuwanyima uraia watoto wa wazazi wasio na makaratasi au walio na viza za muda, na siku chache baadaye jaji akaisimamisha.

Mtoi akizaliwa nje na mzazi Mmarekani, hapo ndipo mvutano huanza. Sheria ya 1790 iliwaita watoto kama hao raia wa kuzaliwa. Ya 1795 ikaandikwa upya, na hayo maneno yakatolewa, wakabaki raia tu. Ted Cruz alizaliwa Calgary, Kanada, 1970, mathe Mmarekani na buda Mcuba. Alipowania 2016 alishtakiwa, na jaji wa Pennsylvania akasema anafaa. John McCain alizaliwa 1936 kwenye eneo la Mfereji wa Panama, buda akiwa mwanajeshi wa majini. Seneti ilipitisha azimio 2008 kusema yuko sawa, na Obama, mpinzani wake, aliliunga mkono. Lakini azimio si sheria, na Mahakama ya Juu yenyewe haijawahi kuamua kesi ya mgombea urais juu ya maneno haya. Wanasheria wengi wanaona hivi: kama ulikuwa raia siku ile ulizaliwa, bila kuomba, umefaulu.

Waliopata uraia baadaye, baada ya kuzaliwa, mlango umefungwa kabisa. Arnold Schwarzenegger, mzaliwa wa Austria, alitawala California kama gavana na akakwamia hapo. Ilhan Omar, aliyezaliwa Mogadishu na kulelewa miaka kadhaa kwenye kambi ya wakimbizi hapa Kenya, anaketi Bungeni, lakini Ikulu, zii. Mimi naona hiyo ni ukatili kidogo, lakini kuibadilisha kunahitaji theluthi mbili za Bunge na robo tatu ya majimbo.

Turudi kwa Obama. Alizaliwa Honolulu, Agosti 4, 1961, hivyo kuwa na buda Mkenya, raia wa himaya ya Uingereza wakati huo, hakukumharibia chochote. Angezaliwa Kogelo je? Sheria ya 1961, kwa mtoto wa ndani ya ndoa, ilitaka mzazi Mmarekani awe ameishi kwao miaka 10, mitano kati ya hiyo ikiwa baada ya kufikisha miaka 14. Mathe wake alikuwa na miaka 18. Piga hesabu mwenyewe: 14 na mitano ni 19.

Huku kwetu ni tofauti. Katiba ya 2010 inafuata damu: mzazi mmoja akiwa Mkenya siku umezaliwa, wewe ni raia wa kuzaliwa hata kama ni Dallas ulizaliwa. Kwa hiyo mtoi wa Wakenya walioko Dallas anaweza kuwa raia wa kuzaliwa wa nchi zote mbili. Na kwa sababu uraia wa Marekani alipewa na sheria bila kuuomba, Ibara ya 78 yetu, inayowazuia wenye uraia wa nchi mbili kushika vyeo vya serikali, inamwachia mwanya.