Swali Ni la Nani? Utafiti na Wakazi wa Bukavu Tangu 1947

Historia ya utafiti katika Kivu imezoea kueleza nani alichunguza nini na aligundua nini. Makala haya yanauliza jambo lililotangulia hayo: ni nani aliyechagua swali? Hoja yetu ni kwamba mkazi wa Bukavu na viunga vyake ameshirikishwa katika majibu kwa zaidi ya miaka 70, ilhali katika kuchagua swali ameshirikishwa kwa nadra sana.

Mwaka 1947 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa sayansi katika Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi IRSAC. Makao yake makuu yalijengwa Lwiro, yapata kilomita 40 kaskazini ya mji uliokuwa ukiitwa Costermansville, ndio Bukavu ya leo. Chini ya mkurugenzi wake, Louis van den Berghe, palikuwa na maabara, maktaba, na wataalamu wa matetemeko ya ardhi, wanyama, lishe na jamii. Wenyeji waliingia humo wakiwa vibarua, wakalimani, wakusanyaji wa vielelezo, wasailiwa na wagonjwa. Katika vikao vilivyopanga kazi ya mwaka hawakuwa na kiti.

Hata hivyo, haifai kudai kwamba swali la mgeni halina faida kwa mwenyeji. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Ubelgiji, miongoni mwao François Delange, walichunguza ugonjwa wa rovu katika kisiwa cha Idjwi. Upungufu wa iodini ulikuwa mkubwa kote kisiwani, lakini rovu ilienea zaidi kaskazini kuliko kusini-magharibi. Tofauti hiyo iliwaelekeza kwenye muhogo: kuna sumu ndani yake ambayo, ikishageuzwa mwilini, huizuia tezi ya shingo kuchukua iodini. Wakazi walidungwa sindano za mafuta yenye iodini, na elimu hiyo ikanufaisha nchi nyingi. Mtu aliyepona rovu hana sababu ya kulalamika kwamba hakuulizwa kwanza. Lakini kisa cha Idjwi kisifanywe kanuni, kwani shingo iliyovimba huonekana na kila mtu, mgeni na mwenyeji. Matatizo mengi ya mtaani hayaonekani hivyo.

Mabadiliko ya kwanza ya maana yalitokea, kwa maoni yetu, katika miaka ya 1970, tena bila kutangazwa. Wanafunzi wa historia wa Chuo cha Ualimu cha Bukavu, ISP, waliandika tasnifu zao kwa kurudi vijijini kwao na kuwahoji wazee. Kwa kuwa walikuwa wana wa vilima hivyo, maswali yao yalikaribia yale yaliyobishaniwa nyumbani: nasaba za watawala, mipaka, haki ya ardhi. Wanahistoria wa Bushi, wenyeji na wageni, wamezitegemea sana kazi hizo zilizopigwa taipu na kuwekwa katika rafu za chuo.

Katika muongo huohuo, Tanzania ilijaribu jambo hilo kwa makusudi. Mradi wa Jipemoyo, ulioanza mwaka 1975 magharibi mwa wilaya ya Bagamoyo na ambao Marja-Liisa Swantz alikuwa mmoja wa viongozi wake, uliwataka wanavijiji na wafugaji wa Kiparakuyo wayataje matatizo yao na kuyachambua pamoja na watafiti. Bukavu haikupata mradi wa namna hiyo. Ilipata vita vya 1996 na 1998, na nyuma yake mashirika yenye hojaji zilizokwisha chapwa.

Malalamiko ya muda mrefu yalipata maandishi mwaka 2020, kilipotoka kitabu kiitwacho, kwa Kifaransa, *La série Bukavu*. Wahariri wake ni Aymar Nyenyezi Bisoka, An Ansoms, Koen Vlassenroot, Emery Mudinga na Godefroid Muzalia. Humo watafiti wa Kongo waliokuwa wakiitwa wasaidizi wanaeleza jinsi wanavyokabidhiwa kazi ambayo mada yake na fedha zake zimekwisha amuliwa Ulaya. Ni kitabu cha lazima; ila wanaolalamika humo ni wasomi. Mama muuza samaki wa Kadutu bado yuko nje ya mlango.

Mtaa wa Funu, katika komuni ya Kadutu, unaonyesha tatizo hili waziwazi. Umejengwa juu ya mteremko unaotambaa polepole kuelekea bondeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na Antoine Dille na wenzake, kwa kutumia picha za miongo saba, ulionyesha kwamba ujenzi wenyewe umeongeza kasi ya mteremko huo. Ni kazi bora, na ingekuwa upuuzi kuibeza. Lakini mwenye nyumba ambaye ukuta wake umepasuka anajua tayari kwamba ardhi inakwenda. Anachohitaji kujua ni nani aliyeruhusu viwanja kuuzwa hapo, maji ya mvua yaelekezwe wapi, na akihama, atapata wapi kiwanja chenye hati katika mji uliojaa. Maswali hayo yanahitaji mwanasheria, mhandisi wa maji na mwanahistoria wa ardhi wakae baraza moja na wakazi kabla ya hojaji kuandikwa, na vyuo vya Bukavu vina watu wa fani hizo.